Naomba ushauri: Westphalia 1648 nifundishe vipi?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nafundisha historia kidato cha sita, na miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba dola huru za leo zilizaliwa Westphalia mwaka 1648, kwenye mikataba ya amani iliyomaliza Vita vya Miaka Thelathini huko Ujerumani. Juzi nimeisoma mikataba yenyewe, wa Münster na wa Osnabrück, nikakwama. Watawala wa Ujerumani waliruhusiwa kuungana na nchi za nje, ila si dhidi ya Kaisari, mkuu wa Dola Takatifu la Kirumi waliyokuwa chini yake. Kwenye dini ndiyo wakabanwa hasa: mambo yarudi yalivyokuwa 1624, mtawala akibadili dhehebu asiwaburute raia wake. Huo ni uhuru kamili kweli? Vitabu vya kiada nilivyonavyo vinarudia sentensi ileile tu.

Je, nianzie Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, au Mkutano wa Vienna wa 1815, uliopanga upya Ulaya baada ya vita vya Napoleon? Na kwenye mtihani mwanafunzi aandikeje asipoteze alama?