Kuufikia mtandao kwa mbali stima inapopotea

Muulizaji, Kisumu
Wataalamu wenzangu, salamu. Ninatunza ruta na swichi (vifaa vya mtandao) za zahanati iliyoko upande wa Ahero. Stima inapopotea, UPS (kifaa cha betri ya dharura) huzima baada ya muda mfupi, na modemu ya akiba, iliyochomekwa kwenye UPS hiyo hiyo, huzima pamoja nayo. Nifanyeje ili niendelee kuingia kwenye ruta kwa mbali?

Jibu, Nakuru
Ndugu, itenge njia ya akiba na mzigo mwingine. Modemu ya 4G pamoja na kompyuta ndogo iliyounganishwa na mlango wa konsoli wa ruta (tundu la kuisimamia moja kwa moja, bila kupitia mtandao) hutumia takriban wati 10, na betri ya asidi ya volti 12 na saa-ampea 100, ukiitumia nusu tu ili isiharibike, itavibeba kwa saa 60 hivi. Viunganishe na betri bila inverta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa stima), kwa kuwa hula umeme hata bila mzigo. Lakini soma kwanza kibandiko cha kila kifaa uone volti kinazostahimili, maana betri inapochajiwa hupita volti 14, na fyuzi ikae karibu na betri.

Jibu, Kakamega
Naongezea. Laini nyingi za simu hazipewi anwani ya wazi ya intaneti, yaani huwezi kuzifikia kutoka nje, kwa hiyo kompyuta hiyo ndiyo ifungue handaki la WireGuard (njia iliyosimbwa ndani ya intaneti) kuelekea seva yako, PersistentKeepalive (mpangilio wa kutuma ujumbe mdogo mara kwa mara ili njia isifungwe) ikiwa sekunde 25. Weka laini za kampuni mbili, kwani minara nayo hutegemea betri.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Nitaijaribu Jumapili kwa kuzima swichi kuu ya stima, zahanati ikiwa imefungwa.

Jibu, Kakamega
Vyema, ila jaribu kuingia ukiwa nje, kwa data ya simu yako.