Msaada: nafundishaje Kongo (DRC) kwa vipindi vitatu, na ramani niliyonayo ina majimbo 11?

Mwl_Kibirizi
Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, nasimamia klabu ya jiografia na uraia, kidato cha pili. Nimepewa vipindi vitatu kuifundisha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: nchi yenyewe, historia, serikali na utamaduni. Ramani ya ukutani ni ya zamani, inaonyesha majimbo 11, na Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, imo ndani ya jimbo la Katanga. Projekta hakuna. Nina manila, rula na kalamu za rangi. Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

MpimaRamani
Mwalimu, hiyo ramani usiitupe, itakufaa kwenye historia. Ya kufundishia wachore wenyewe. Piga miraba 20 kwa 20, kila mmoja sm 2.5 na kila mmoja ni nyuzi 1. Juu iwe nyuzi 6 Kaskazini, chini 14 Kusini, kushoto 12 Mashariki, kulia 32. Kongo yote inaingia, na Kigoma pia. Sentimita 1 inakuwa kama km 44.

Wasianze na mpaka. Wakianza nao, ule mkia mwembamba wa kufika baharini unapotea, kwa sababu pwani ya Kongo ni kama km 40 tu na kwenye manila yako haifiki sm 1. Waanze na nukta: Banana (6 Kus, 12.4 Mash), Kinshasa (4.3 Kus, 15.3), Mbandaka (0, 18.3), Kisangani (0.5 Kas, 25.2), Goma (1.7 Kus, 29.2), Kalemie (5.9 Kus, 29.2), Lubumbashi (11.7 Kus, 27.5). Mpaka uje baadaye kuzizunguka.

Kisha wape rula wapime Kalemie hadi Kinshasa. Watapata kama sm 35, yaani km 1,550 hivi kwa mstari ulionyooka. Kalemie hadi Dar es Salaam ni kama km 1,100. Hapo watauona ukubwa wa nchi hiyo kuliko ukiwatajia km² 2,345,000.

MajiYaLukuga
Naunga mkono gridi, ila somo lisianzie Kinshasa. Watoto wa Kigoma uwaanzishie ziwani, maana mpaka wetu na Kongo wote uko majini, hakuna hata hatua moja ya nchi kavu.

Fuata maji. Maji ya Ziwa Tanganyika yanatoka kupitia mto Lukuga pale Kalemie. Lukuga unaingia Lualaba karibu na Kabalo, Lualaba unapanda kaskazini kupitia Kindu, na kuanzia Kisangani ndipo unaitwa Kongo. Unavuka ikweta kabla tu ya Kisangani, unapinda magharibi, halafu unashuka na kuivuka tena karibu na Mbandaka. Wakichora mto ulionyooka, simamisha somo: huo upinde ndio unaoeleza kwa nini maji hayapungui sana mwaka mzima. Mvua ikikatika kaskazini mwa ikweta, kusini inanyesha.

Jambo jingine wanalokosea ni kudhani meli inatoka huku hadi baharini. Kuna maporomoko ya Boyoma kabla ya Kisangani, yakazungukwa kwa reli ya Ubundu–Kisangani, km 125. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa meli zinapita. Chini ya Kinshasa maporomoko tena, ndiyo maana ikajengwa reli ya kutoka bandari ya Matadi hadi Kinshasa, iliyokamilika 1898.

Mnyamwezi_wa_Isevya
Tabora tupo. Mwalimu, kwenye historia usirukie 1885 ukaona Kongo imeanza na Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Njia ya misafara ilitoka Tabora, Ujiji, ikavuka ziwa hadi Mtowa, ikaenda Kasongo na Nyangwe. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kilipita humo. Na Msiri, mtu wa Unyamwezi, alijenga ufalme Katanga, makao makuu Bunkeya, akafanya biashara ya shaba, pembe na watumwa. Watu waliotumwa kwa niaba ya Leopold walimuua tarehe 20 Desemba 1891. Wayeke, wazao wa watu wake, wapo hadi leo.

Baada ya hapo tarehe chache zinatosha: 1908 Ubelgiji inachukua koloni kutoka kwa mfalme wake baada ya kashfa ya ukatili katika uvunaji wa mpira wa miti; 30 Juni 1960 uhuru; 17 Januari 1961 Lumumba, waziri mkuu wa kwanza, anauawa Katanga; 1965 Mobutu anatwaa madaraka; 1971 nchi inaitwa Zaire; 1997 jina la Kongo linarudi.

Raia_Mwema_KGM
Serikali: majimbo ni 26, Kinshasa ikiwemo. Katiba ya 2006 iliyaandika, yakaanza kazi 2015. Katanga ikagawanywa nne: Tanganyika, Haut-Lomami, Lualaba na Haut-Katanga. Kivu mbili (Kaskazini na Kusini) na Maniema hazikuguswa.

Wanafunzi watalinganisha gavana na mkuu wetu wa mkoa. Warekebishe mapema: kwa kawaida gavana huchaguliwa na bunge la jimbo, hateuliwi na rais. Rais anapigiwa kura na wananchi, miaka 5, mara mbili tu, na tangu 2011 hakuna duru ya pili.

Mwl_Kibirizi
Asanteni sana wakuu. Utamaduni niuweke wapi, maana muda umeshaisha?

MajiYaLukuga
Uweke juu ya ramani ileile. Rangi nne kwa lugha nne za taifa: Kiswahili mashariki pamoja na Katanga, Kilingala Kinshasa na kando ya mto, Kiluba cha Kasai katikati, Kikongo magharibi. Kifaransa ni cha ofisini na shuleni, hakina eneo, kiandike pembeni. Rumba ya Kongo iliingia orodha ya UNESCO 2021, nchi zote mbili za Kongo (ya Kinshasa na ya Brazzaville) kwa pamoja. Na sombe (kisamvu) ya Kigoma ndiyo pondu ya Kinshasa.

MpimaRamani
Ongeza na saa pembeni mwa manila. Kigoma ikiwa saa 4 asubuhi, Kalemie ni saa 3, Kinshasa saa 2. Mstari wa kugawa saa unafuata mipaka ya majimbo, usipigwe kwa rula.