Ndege mbuai mweusi mwenye madoa meupe mbawani, Kibosho: ni yupi?

Mkulima wa Kibosho

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa kumtambua ndege niliyemwona jana jioni kwenye miteremko ya Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Alikuwa ametua juu ya nguzo ya umeme kando ya shamba la kahawa na migomba, na nilipomkaribia akaruka kuelekea bondeni, akapita chini ya usawa wa barabara niliyosimama, kisha akapotelea nyuma ya miti kabla sijatoa simu mfukoni. Mwili wote ulikuwa mweusi, au kahawia iliyokolea sana, na kila bawa lilikuwa na doa kubwa jeupe kuelekea nchani. Jirani yangu anasema ni tai anayebeba vifaranga na anataka kumfukuza kwa mawe, ndiyo maana nataka kujua kwa hakika ni ndege gani.

Darubini

Ndugu Mkulima, umeeleza vizuri. Weusi peke yake hautoshi, kwani huko kwenu wapo zaidi ya mmoja wenye rangi hiyo. Wa kwanza ninayemfikiria ni tai mwenye ushungi mrefu, Lophaetus occipitalis, ambaye hupenda kukaa juu ya nguzo na miti ya ukingoni mwa mashamba akivizia panya. Wa pili ni shakivale, Buteo augur, ambaye wengi tunamjua kwa kifua cheupe na mkia mwekundu, lakini wapo wa aina hiyo hiyo walio weusi kifuani na tumboni. Kabla hujafungua kitabu chochote, maana picha ikishaonekana hubadilisha kumbukumbu, naomba utuambie mkia ulikuwaje, na kama yale madoa uliyaona juu ya bawa au chini yake.

Mzee wa Machame

Mimi ningeuliza pia kuhusu pungu, kwa sababu naye ni mweusi mwenye weupe mwingi mbawani. Pungu aliyekomaa ana mkia mfupi mno hata miguu hujitokeza nyuma yake, huruka akiyumba upande huu na huu, na weupe wake uko chini ya bawa. Ni kweli kwamba yeye ni ndege wa nyika, na ningemtarajia Tarangire kuliko kwenye vihamba vyetu. Hata hivyo, tangu 2020 amewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa hiyo kama ndiye, nisingependa tumpite hivi hivi.

Mkulima wa Kibosho

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Mkia haukuwa mfupi wala mwekundu. Ulikuwa na mistari mipana ya kukatisha, mweusi kwa kijivu, na nina uhakika nao kwa sababu aliutandaza alipokuwa akiondoka nguzoni. Madoa niliyaona juu ya bawa, kwa vile nilikuwa nikimtazama kutoka juu. Kinachonitia shaka ni kwamba sikuona ushungi wowote, ingawa alipokuwa ametua jua lilikuwa likinipiga machoni.

Darubini

Ushungi usikusumbue, kwani anaporuka manyoya hayo hulala nyuma ya kichwa. Mkia na madoa ya juu ya bawa vinatosha. Shakivale mweusi aliyekomaa angekuonyesha mkia mwekundu wa rangi ya kutu. Kinda lake kweli lina mkia wa mistari, lakini mistari hiyo ni hafifu, na weupe wake huonekana upande wa chini, ukienea kwenye manyoya marefu ya bawa lote badala ya kuwa doa moja lililojitenga. Huyo wako ni tai mwenye ushungi mrefu, nami sina wasiwasi. Ukipita tena, itazame nguzo ile ile jua likiwa mgongoni mwako, na utafute jicho la njano na ushungi uliosimama ukichezacheza kwenye upepo.

Kuhusu vifaranga, mweleze jirani kwamba chakula kikubwa cha tai huyu ni panya. Anayenyakua vifaranga uani mara nyingi ni mwewe, ambaye atamjua kwa mkia wenye panda anaoupindapinda akiruka. Vifaranga wafunikwe kwa tenga mpaka wakue kidogo, na tai aachwe kwenye nguzo yake aendelee kupunguza panya wanaoingia kwenye mahindi.