Kupanga galaksi: tuiachie akili mnemba au macho ya watu?

Mtazamanyota: Wakuu, mradi wa mtandaoni wa Galaxy Zoo ulipoanza 2007 ulimwaga picha za galaksi karibu milioni moja, yeyote azipange kimaumbo kwa jicho. Leo akili mnemba inazimaliza kabla chai haijapoa. Wa kujitolea wana kazi tena? Nasema wanayo. Zile Njegere, galaksi ndogo za kijani zinazozaa nyota kwa fujo, zilishtukiwa na watu, siyo mashine.

Kibopa: Bahati tu. Yule wa Uholanzi aliyeziona si mwalimu wa shule tu? Sayansi ina wenyewe.

Mama Chaki: Mwalimu TU? Aliyekufundisha kuandika hiyo "tu" ni nani?

Kibopa: Punguza munkari mama, sijamtaja mtu.

Odhis: Mnachanganya mambo. Huyo mwalimu wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona wingu la gesi linaloitwa Voorwerp. Minji, hizo Njegere zenu, ziliokotwa na wengine: kidoa cha duara, hakina mikono ya kujisokota, kijani kibichi. Wakakusanya picha mojamoja, wataalamu wakachapisha 2009. Huo ukijani ni mwanga wa oksijeni iliyochomwa na nyota changa. Zingine zinazaa nyota zenye uzito wa jua kama kumi kwa mwaka, na galaksi yetu kubwa hivi inaambulia moja au mbili.

Mama Chaki: Hanny au nani, mimi nimesimama kwenye "tu". Njoo usahihishe madaftari ya darasa lililofurika, ndipo uniambie jicho la mwalimu halioni.

Mjukuu wa Baharia: Na hao wenye sayansi yao je? Galaksi ya I Zwicky 18 walituambia ni mbichi kabisa, miaka milioni 500. Darubini ya angani ya Hubble ikakodoa macho zaidi, 2007 wakakuta humo nyota za miaka bilioni moja na zaidi. Bibi kizee kajipaka wanja!

Kibopa: Na wewe mwalimu?

Mjukuu wa Baharia: Fundi boti. Lete lingine.

Odhis: Lakini hapo waliosahihisha pia ni wataalamu, bro. Usiwapige na fimbo yao.

Mtazamanyota: Jamani, turudi kwenye mada. Mashine zenyewe zinafundishwa kwa majibu ya hao hao wa kujitolea. Galaksi ya ajabu isiyofanana na yoyote, mashine inaitupa kapu lolote.

Mama Chaki: Zinafundishwa? Rudia kwa sauti, kuna mtu hapo nyuma hajasikia.

Kibopa: Haya, shikamoo mwalimu. Mshahara mmeongezwa lakini?

Mama Chaki: Usianze.