Morse kwa Flipper Zero: natuma IRINGA, kioo kinaandika IRINMEA

mtaa_wa_Uyole (Mbeya)

Wakuu, mwagonile. Nina Flipper Zero (kile kifaa kidogo cha mkononi cha majaribio ya redio na elektroniki), programu ya Morse nimeitoa kwenye katalogi yake, kadi ya microSD haina shida. Urefu wa nukta nimeuweka milisekunde (ms) 150. Herufi zote 26 nazijua kwa chati, ila kuna mambo matatu yananikwamisha.

Nikituma IRINGA kioo kinaandika IRINMEA, na MBEYA inatoka MTSEYA. Nikisikiliza Morse ya kasi ya kawaida sishiki hata herufi moja. Halafu mvua ikipiga bati spika yake haisikiki, na kifaa chenyewe hakina tundu la hedifoni. Nibadilishe kifaa, au kosa liko kwenye mazoezi?

Kihesa_CW (Iringa)

Kamwene mkuu. Kifaa kimeandika ulichotuma. G ni kistari, kistari, nukta. Ukisita kabla ya ile nukta ya mwisho, vistari viwili vinasomwa M na nukta inasomwa E. B ni kistari na nukta tatu: ukisita baada ya kistari, unapata T kisha S. Unasita kwa sababu unaitafuta herufi kwenye chati iliyo kichwani, na chati hiyo ndiyo inayokuzuia usisikie vilevile.

Tuanze na kasi. Kistari kina urefu wa nukta tatu. Ndani ya herufi kimya ni nukta moja, kati ya herufi ni nukta tatu, kati ya maneno ni saba. Neno la kupimia ni PARIS, lenye jumla ya nukta 50 pamoja na kimya cha mwisho, ndiyo maana urefu wa nukta kwa ms ni 1200 gawa kwa maneno kwa dakika. Nukta yako ya 150 ms ni maneno 8 tu kwa dakika. Kwa mwendo huo ubongo unapata nafasi ya kuhesabu "moja, mbili, tatu", na ukizoea kuhesabu utakwama kwenye 10 au 12 muda mrefu sana. Weka 60 ms, yaani maneno 20. Usiogope: herufi inatoka kwa kasi, lakini kimya kati ya herufi unakirefusha. Ukitaka jumla ya maneno 8 kwa dakika huku herufi zikiwa za 20, acha sekunde 0.89 kati ya herufi na sekunde 2.08 kati ya maneno. Kioo kinaweza kuweka nafasi kila baada ya herufi, maana kimya hicho kinazidi nukta saba. Usikijali.

Pili, sikiliza kwanza, kutuma kuje baadaye. Wiki za mwanzo tumia simu yenye programu ya mazoezi ya Koch (njia ya kuongeza herufi moja moja kwa kasi kamili) na earphone za kawaida, hapo na mvua ya kwenye bati umeimaliza. Anza na K na M peke yake, dakika tano tano, andika kwa kalamu. Ukipata 90 kati ya 100 ongeza herufi moja. Ukikosa herufi acha nafasi uendelee. Ukirudi kuiwaza utapoteza tatu zinazofuata.

Mpangilio unaotumika sana unaenda K M U R E S N A. Sisi unatufaa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kwa herufi hizo nane tayari una SEMA, SANA, KAMA, NUSU, MKEKA. Morse ilipangwa kwa kufuata Kiingereza, ndiyo maana E na T ndizo fupi kuliko zote. Kiswahili kinajaa A, kwa hiyo ifikie mapema na uifanyie mazoezi na N mpaka zisichanganyike: nukta-kistari na kistari-nukta ndizo zinazowapoteza wanaoanza.

fundi_wa_Mwanjelwa (Mbeya)

Naongezea upande wa mkono. Kitufe cha OK cha Flipper kinabonyezwa kwa dole gumba, safari yake ni fupi, na kwa maneno 20 kidole kinachoka na nukta zinakosa usawa. Kwa kutuma ni bora utengeneze kifaa cha pembeni cha Arduino Nano (kibao kidogo cha elektroniki unachokipangia programu). Usichomeke ufunguo (swichi ya kutumia Morse) kwenye pini za GPIO za Flipper, zile za kuungia vifaa vya nje, ukitegemea programu ile iusome. Yenyewe inasikiliza kitufe cha OK.

Ufunguo: kipande cha msumeno wa chuma sentimita 12, ubao wa paini (wa Sao Hill unatosha kabisa), skrubu mbili na boliti ya shaba ya kugusia. Ondoa rangi ya msumeno kwa msasa mahali pa kugusa, la sivyo mguso utakatakata. Pengo liwe unene wa karatasi mbili tatu. Waya mmoja uende pini D2 ya Arduino, mwingine GND, na kwenye programu weka INPUT_PULLUP, hivyo huhitaji rezista ya nje.

Kosa kubwa liko hapa: mfano wa Debounce (wa kuchuja mtikisiko wa swichi) unaokuja na Arduino unasubiri 50 ms. Nukta yako ni 60 ms! Sauti inachelewa, na nukta ikipungua kidogo tu inamezwa yote. Shusha iwe 5 ms.

Sauti itoke D9 kwa tone() ya 650 Hz, kupitia rezista ya 220 ohm kwenda kwenye earphone kuukuu au spika ndogo ya ohm 8. Usiunge spika bila rezista, utaua pini. Na ukinunua baza, iguse kwanza kwa betri ya 3 V: ikilia yenyewe ni ile yenye sauti moja isiyobadilika, hutaweza kuipangia 650 Hz.

mtaa_wa_Uyole (Mbeya)

Nimewaelewa wakuu, leo naanza na K na M. Swali la mwisho: Flipper ina redio ndani. Naweza kurusha Morse kwa rafiki aliyeko Tukuyu?

Kihesa_CW (Iringa)

Hapana mkuu. Chipu yake ni CC1101, inafanya kazi kati ya takriban 300 na 928 MHz tena kwa vipande, haigusi bendi za HF (mawimbi mafupi) ambako Morse ya masafa inapita. Na kurusha kwenye bendi za redio ya ridhaa kunataka leseni ya TCRA. Alama za wito (majina ya vituo hewani) za kwetu huanza na 5H. Kusikiliza ndiko kutakakokujenga.

Ukipata redio yenye SSB (upokeaji unaotoa mlio wa Morse), weka 14.100 MHz mchana. Kuna mnyororo wa vituo 18 duniani vinavyopokezana, kila kimoja sekunde 10, mzunguko wa dakika tatu ukianzia saa kamili. Cha Kenya ni 5Z4B, zamu yake inaanza dakika 1 na sekunde 50. Kinatuma jina kwa maneno 22 kwa dakika, kisha vistari vinne vya sekunde moja moja: cha kwanza wati 100, halafu 10, 1 na 0.1. Sekunde kumi kabla yake ni zamu ya ZS6DN wa Afrika Kusini. Redio ya kawaida ya AM haitakupa mlio, utasikia mvumo ukipungua na kurudi tu.