Shindano la mastaa la kuchangia hisani: kura za M-Pesa, za SMS, au pointi za kazi?

Mwandalizi_SouthB

Wadau, hamjambo. Tunaandaa shindano la runinga la vipindi 7 hapa Nairobi. Mastaa ni 8: wanamuziki, wachekeshaji, watangazaji wawili wa redio na mwanariadha mmoja mstaafu. Kila mmoja anashindania shirika moja la hisani. Kila Jumapili wanapewa kazi na mmoja anatoka, hadi wabaki wawili wa fainali. Gharama za kurekodi zina mdhamini.

Tumekwama pahali patatu. Watazamaji wapige kura kwa SMS ya kulipia au kwa M-Pesa? Pesa ndizo ziamue nani anabaki, au kazi? Na staa akitoka Jumapili ya kwanza, shirika lake linapata nini? Hilo la mwisho mashirika mawili yameshatuuliza na hatuna jibu. Kama kuna kitu tumekosea tangu mwanzo, tuambieni tukibadilishe kabla hatujaweka sahihi popote.

Hesabu_Wazi

Naanza na swali la tatu, maana ndilo huzua ugomvi mkubwa kuliko yote.

The Celebrity Apprentice, shindano la mastaa la kuchangia hisani la runinga ya NBC ya Marekani lililoanza Januari 2008, lilikuwa na utaratibu huu: kiongozi wa timu iliyoshinda kazi ya wiki hupelekea shirika lake pesa za kazi hiyo, na mshindi wa mwisho huongezewa dola 250,000. Aliyetimuliwa mapema kabla hajaongoza timu iliyoshinda, shirika lake lingeweza kuondoka mikono mitupu. Mwaka 2011 mwigizaji Marlee Matlin aliongoza kazi ya kuuza sanaa, na timu yake ikaingiza dola 986,000 kwa kazi hiyo moja, kwa ajili ya Starkey Hearing Foundation. Hebu linganisheni na zile 250,000 za fainali. Pesa nyingi zinaweza kuja katikati ya msimu, kwa hivyo mkifunga kila kitu kwenye kombe la mwisho, watu wataona aliyeleta pesa nyingi siye mliyempa nyingi.

Wekeni sakafu. Kila shirika lihakikishiwe kiasi fulani kwenye mkataba hata staa wake akitoka wa kwanza. Chukueni mfano mmeingiza shilingi milioni 4 kwa jumla, pamoja na pesa za mdhamini. Sakafu ya 150,000 kwa mashirika 8 ni milioni 1.2. Zinabaki milioni 2.8: nusu yake, milioni 1.4, kwa shirika la mshindi. Robo, 700,000, kwa la wa pili. Na robo ya mwisho igawanywe kwa mashirika yote 8 kulingana na kile ambacho kila staa alichangisha mwenyewe. Sakafu itoke kwa mdhamini na iwekwe benki kabla ya kipindi cha kwanza. Mkiitegemea michango ya watazamaji na msimu ukalala, mtakuwa mmeahidi kitu ambacho hamna.

Sasa SMS au M-Pesa. SMS ya kulipia hupita mikononi mwa wengi: kodi, kampuni ya simu, kisha kampuni ya kati iliyokodisha nambari fupi. Katika kila shilingi 10 anayokatwa mtazamaji, msishangae mkibaki na chini ya nusu, na huja baada ya wiki nyingi. Mtazamaji naye anaamini shilingi zote 10 zimefika kwa watoto. Kwa shindano la hisani mimi siwezi kulitetea hilo. M-Pesa humwonyesha kila mtu kiasi alichotuma na aliyepokea.

Lakini chukueni Paybill (nambari ya malipo ambayo mtumaji huandika pia nambari ya akaunti), msichukue Till (nambari ya kulipia dukani). Till haina sehemu ya nambari ya akaunti, kwa hivyo pesa zote huingia rundo moja na hamtajua ipi ni ya nani. Kwa Paybill, akaunti ndiyo kura. Akaunti ziwe tarakimu, 1 hadi 8, msitumie majina ya kisanii, kwa sababu jina moja litaandikwa kwa namna kumi na mbili. Ombeni Safaricom iwawashie uhakiki wa akaunti, ili mtu akiandika 9 malipo yakataliwe papo hapo. Bila uhakiki, pesa zitaingia zikiwa hazina mwenyewe, na mtu ataanza kuzigawa kwa kukisia.

Mambo mengine mawili. Kura hufungwa kwa saa iliyo kwenye muamala wenyewe. Mtandao ukilemewa dakika za mwisho, taarifa huchelewa kuingia kwenye mfumo wenu ilhali mtu alilipa mapema, kwa hivyo msihesabu kwa saa ya kupokea. Na mtumaji anaweza kusambaza ujumbe wa muamala kwa 456 akiomba pesa zirudishwe. Acheni angalau saa 24 kati ya kufunga na kutangaza, muone zilizorudishwa.

Nyanya_wa_Umoja

Hesabu_Wazi, kwa sakafu na Paybill tuko pamoja. Lakini hujajibu swali la pili, na ndilo gumu.

Shilingi moja ikiwa kura moja, hilo ni harambee ya matajiri tu. M-Pesa inaruhusu hadi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Shabiki mmoja mwenye uwezo anaketi, anangoja dakika tano kabla ya kura kufungwa, na anafuta kazi ya watu elfu tano waliotuma shilingi 50. Wale elfu tano wiki ijayo hawatumi. Ukiziondoa pesa kabisa kwenye uamuzi nako, watu wanapiga makofi na kuzima runinga.

Tumieni nafasi badala ya kiasi. Staa aliyechangisha zaidi wiki hiyo apate pointi 8, wa pili 7, hadi wa mwisho 1. Majaji nao wapange mastaa kwa kazi vivyo hivyo, na pointi za kazi zizidishwe mara mbili. Jumla ya juu kabisa ni 24. Sasa yule tajiri akimwaga nusu milioni kumtoa staa wake nafasi ya pili hadi ya kwanza, amemwongezea pointi moja, na hisani imepata nusu milioni nzima. Mastaa wakipungua, pointi nazo zipungue: wakiwa 5, wa kwanza apate 5.

Wakilingana, wekeni kanuni mapema: abaki aliyechangiwa na watu wengi zaidi, hata kama pesa zake ni chache. Fundi wenu akague hilo kwanza, maana nambari ya mlipaji siku hizi hufichwa kwenye taarifa zinazoingia kwa mfumo wa Paybill. Lazima awe na njia halali ya kujua malipo matatu yametoka kwa mtu mmoja. Akishindwa, abaki aliyeshika nafasi ya juu kwenye kazi.

Mfano tunao hapa kwetu: Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini ya kuchangia uhifadhi, tangu 1989. Kila gari lazima lilete michango ndipo liruhusiwe kushindana, na ndiyo imesaidia kuzungushia msitu wa Aberdare ua wa takriban kilomita 400, uliokamilika 2009. Lakini mshindi wa njia ni aliyefika vituo vyote 13 ndani ya saa 10 kwa umbali mfupi zaidi. Wachangishaji wakubwa wana tuzo zao kando. Hakuna anayenunua kilomita.

Kamera_Mbili

Niongeze upande wa kazi zenyewe, maana pointi zinakuwa na maana pale tu kazi inapopima kitu.

Kosa la kawaida: mnampa staa mtaji wa shilingi 5,000 pale soko la Marikiti, auze matunda hadi saa sita, mwenye faida kubwa ashinde. Saa nne shabiki anafika na kununua embe moja kwa shilingi 20,000. Hapo mmepima simu ya staa, hamjapima uchuuzi. Wekeni bei ya juu kwa kila bidhaa, tuseme mara mbili ya bei ya sokoni siku hiyo. Kinachozidi kiingie Paybill kama mchango, kisihesabiwe kwenye faida. Simu za mastaa zikusanywe kwenye kikapu kabla ya kuanza. Na wale akina mama wenye meza jirani walipwe kwa siku hiyo, maana kamera na umati vinawafukuzia wateja.

Kazi ya kondakta wa matatu inavutia kwa macho, lakini kondakta lazima awe na beji ya PSV (magari ya abiria), na staa hana. Igizeni gari likiwa limeegeshwa, au muache kabisa. Kupika chapati za kuuzia umma kunahitaji cheti cha afya cha washika chakula kutoka kaunti, basi wapimeni mastaa mapema, si asubuhi ya kurekodi. Kuosha magari, kufua, kupakia mitumba Gikomba, kufundisha darasa la tano hesabu: hizo zinapimika kwa idadi na muda, na majaji hawabaki kubishana.

Leseni ya kurekodi ni ya KFCB, bodi ya filamu, na mkitumia bustani au soko la kaunti kuna kibali chake na ada yake. Droni ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Bima ya ajali iwataje mastaa, wahudumu na watu wa pale mnaporekodia.

Ratiba: wanamuziki wana shoo Ijumaa hadi Jumapili. Rekodini kazi Alhamisi, kata picha Ijumaa na Jumamosi, rusha Jumapili. Kura zifunguliwe kipindi kinapoisha na zifungwe Jumanne saa 12 jioni. Matokeo yawe mwanzoni mwa kipindi kinachofuata. Mnaotaka kurekodi vyote 7 kwa wiki moja ili kuokoa pesa, fahamuni kwamba kura zitakuwa hazina kazi, kwa sababu aliyetoka atakuwa ametoka tayari.

Mwandalizi_SouthB

Asanteni sana. Nyanya, hiyo ya nafasi tunaichukua leo. Mawili yamebaki: staa mmoja anataka kushindania wakfu wake mwenyewe, na mdhamini anataka kila anayetuma mchango aingie kwenye droo ya simu 10. Kuna shida?

Hesabu_Wazi

Zote mbili zina shida, kaka.

Droo kwanza. Mtu akilipa, akangoja bahati, akapata zawadi, hiyo ni bahati nasibu na inahitaji leseni ya kamari, hata kama pesa zinaenda kwa mayatima. Mwambieni mdhamini azinadi hizo simu 10 kwa mnada siku ya fainali. Pesa zitaongezeka na hakuna atakayewauliza leseni ya bahati nasibu.

Wakfu wa staa: unaweza kukubaliwa ukipita mlango uleule wa wengine. Dai cheti cha usajili chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, au usajili mwingine wa kisheria. PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. Akaunti ya benki kwa jina la shirika. Na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Wakfu uliosajiliwa baada ya nyinyi kutangaza shindano, kataeni. Uhusiano wa staa na shirika utajwe hewani kila kipindi. Kampuni zitakazotaka nafuu ya kodi kwa mchango wao zitauliza pia kama shirika lina cheti cha msamaha cha KRA.

Malipo ya mastaa nayo yasifichwe. Dancing with the Stars, shindano la dansi la mastaa la Marekani, huwalipa washiriki, ni kazi yao, na si vibaya. Vibaya ni mtazamaji kudhani wanajitolea kumbe wanalipwa. Posho itoke kwa mdhamini, kwenye akaunti tofauti na ya michango. Ile ya michango iwe na watia sahihi watatu, mmoja wao wakili asiye wa kampuni yenu.

Na msiigize chochote kinachohusu watazamaji. Mwaka 2008 Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza, iliitoza BBC faini ya pauni 400,000 kwa mashindano ya simu yaliyochezewa, na miongoni mwa vipindi hivyo kulikuwa na kile cha kuchangisha hisani cha Comic Relief cha 2007, ambamo mfanyakazi wa kipindi alijifanya mpigaji simu. Laini ikikatika hewani, semeni imekatika.

Nyanya_wa_Umoja

Kuhusu ahadi: kwenye fainali mheshimiwa fulani atasimama aahidi milioni, watu washangilie, na pesa zisije. Ahadi zisomwe kando na zisiingie kwenye jumla ya skrini. Jumla ni kilichomo kwenye akaunti tu. Na ile hundi kubwa ya kadibodi ichapishwe baada ya benki kutoa taarifa yake, hata kama ni Jumatano baada ya fainali, na mwende kuikabidhi kwenye ofisi za shirika lenyewe.