Msaada: mdogo wangu yupo mahabusu, hela ya wakili hatuna. Serikali inalipa?

Dada wa Mkundi: Wakuu, mdogo wangu ni bodaboda, hii wiki ya 7 yupo mahabusu kwa kesi ya wizi. Mama ameuza mbuzi wote. Nasikia serikali inawalipia mawakili watu wasio na uwezo, ni kweli? Alhamisi anapanda tena mahakamani.

Bin Kinole: Hawa vijana wanapakia yeyote usiku wa manane. Akitoka, arudi shamba.

Mzee Tununguo: Inalipa, nimeona kwa mjomba wangu, kesi ya mauaji, Mahakama Kuu. Alipangiwa wakili. Wakakutana mara ya kwanza asubuhi ya kesi, kwenye nondo za mahabusu ya mahakama, kijana ndiyo kwanza anafungua faili, anauliza, "Wewe ndiye nani?" Sikumlaumu. Alituambia posho yenyewe haitoshi hata nauli ya kufuata mashahidi. Waendesha mashtaka wana mshahara kila mwezi, huku utetezi wa maskini unategemea huruma ya wakili. Hapo ndipo panaponiuma.

Kalamu Nyekundu: Pole dada. Hati ya mashtaka inasema kifungu gani?

Dada wa Mkundi: Ni wizi tu mkuu, abiria wake walichukua hela dukani.

Kalamu Nyekundu: Namba ya kifungu.

Dada wa Mkundi: 287A.

Kalamu Nyekundu: Huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Akitiwa hatiani, miaka isiyopungua 30.

Dada wa Mkundi: Niliogopa mkisikia panga mtamhukumu. Yeye aliambiwa asubiri nje. Ila wakili tunaye, tumeshampa laki 4. Anasema mdogo wangu alikosea kujibu "si kweli", Alhamisi abadilishe, akiri, hakimu atamwonea huruma. Nyumbani tumeshakubaliana. Nilitaka kujua kama serikali itammalizia malipo wakili huyu huyu.

Jicho Kavu: Hii chai. Wakili gani anamwambia mtu akiri 287A? Laki 4 ya nini?

Dada wa Mkundi: Wallahi situngi. Ya dhamana. Kaniandikia kwenye karatasi ya daftari, ninayo hapa mkononi.

Jicho Kavu: Kosa hilo halina dhamana, dada. Nisamehe kwa neno la chai. Mmepigwa na kishoka, wakili feki. Tafuta jina lake kwenye orodha ya mawakili wa Mahakama.

Kalamu Nyekundu: Na asikiri! Akikiri, hatia haikatiwi rufaa tena, atabaki kulalamikia adhabu tu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 haikuishia kwenye mauaji: hakimu akiona mshtakiwa hana uwezo na haki inadai awe na wakili, anaweza kuagiza apewe. Kesho nenda gerezani, uliza dawati la msaada wa kisheria. Msaidizi wa kisheria atawaandikia barua bure, ila kusimama mahakamani ni kazi ya wakili.

Dada wa Mkundi: Nimempigia yule bwana, hapatikani. Mdogo wangu aliishia la saba. Amwambie hakimu maneno gani?

Kalamu Nyekundu: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, naomba msaada wa kisheria." Akisomewa tena shtaka, "si kweli". Kesho ukimwona, mrudilie maneno haya mpaka ayashike.